Je, Usonji ni Ulemavu? Hoja kwa Walimu, Watumishi wa Afya, Viongozi wa Vijiji na Wazazi wa Wilaya ya Same



1. Utangulizi

Swali la mada hii ni fupi, na jibu langu ni ndiyo. Hapa Tanzania usonji ni ulemavu kisheria. Mtoto wa Hedaru, Chome au Ndungu mwenye usonji anastahili kila haki anayopewa mtoto asiyeona au asiyesikia. Nitaeleza msingi wa jibu hilo, sababu zinazowafanya wengi wasite kulikubali, na hatua zinazowezekana hapa wilayani. Hofu ya wanaosita naiheshimu, kwa kuwa wengi wao ni wazazi wanaowapenda watoto wao na wanaogopa jina litakalowafuata hadi uzeeni.

2. Usonji ni nini

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema utotoni na kudumu maisha yote. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, akifanya kazi Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye hali hiyo, na tangu hapo utafiti umeendelea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji.

Hali hii hujitokeza katika maeneo mawili. La kwanza ni mawasiliano na mahusiano: mtoto haitikii jina lake, hanyooshi kidole kukuonyesha kitu kilichomvutia, hasemi, au husema kwa kurudia maneno aliyoyasikia. La pili ni tabia za kujirudia na hisia zisizo za kawaida: hupanga vifuniko vya chupa mstari mmoja kwa saa nzima, hulia njia ya kwenda dukani ikibadilishwa, huziba masikio kwa sauti ambayo sisi hatuijali.

Wapo wasiosema kabisa, na wapo wanaosoma na kuhesabu kuwapita wenzao. Wengine wana pia ulemavu wa akili au kifafa, wengine hawana. Kwa hiyo ni kosa kudhani kuwa kila mwenye usonji ana ulemavu wa akili. Usonji hauletwi na chanjo, laana wala malezi mabaya ya mama. Hauna dawa ya kuuponya, lakini mtoto akianza kufundishwa mapema hupiga hatua kubwa.

3. Sheria inasemaje

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Sheria hiyo inamtambua mwenye ulemavu kuwa ni mtu mwenye upungufu wa mwili, akili, hisi au afya ya akili, ambaye uwezo wake wa kushiriki maisha unabanwa na vikwazo vya mitazamo ya watu, vya mazingira na vya taasisi.

Tafsiri hiyo inatazama mambo mawili kwa pamoja, yaani hali ya mtu na vikwazo anavyokutana navyo. Haimtaki mtu awe na fimbo au kiti cha magurudumu ndipo atambuliwe. Mchukueni mtoto mwenye usonji katika shule yetu yoyote. Kengele ikigongwa, anakimbia. Mstarini anasukumwa na wenzake, anapiga kelele, anachapwa kwa utovu wa nidhamu. Darasani wako wengi, maelekezo yanatolewa kwa mdomo mara moja tu, naye anaelewa kwa picha. Kufikia Darasa la Tatu amekwishaacha shule. Hali ya ubongo wake ipo, na vikwazo vipo, tena vingi vimewekwa na sisi. Hapo vigezo vyote vya sheria vimetimia.

Kutambuliwa kuna faida za wazi. Mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma katika mfumo wa elimu jumuishi na kupewa msaada anaouhitaji. Mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu huongezewa muda katika mitihani ya taifa. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuhakikisha kuwa asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hukopesha vikundi, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mtoto asiyetambuliwa hana pa kushika katika haya yote.

4. Kwa nini tunasita

Sababu ya kwanza ni macho yetu. Mama anafika ofisini na mtoto mzuri, mwenye miguu imara na nywele zilizochanwa, na swali la kwanza analopewa ni, "Mbona huyu mzima?" Tumezoea ulemavu unaoonekana mlangoni. Usonji unauona ukikaa na mtoto, na aliyekaa naye ni mama. Maelezo yake yaandikwe na yachukuliwe kuwa ushahidi.

Sababu ya pili ni matumaini. Bibi anasema, "Mwacheni, hata baba yake alichelewa kusema." Wapo watoto wanaochelewa kusema kisha wakasema bila tatizo. Lakini mtoto asiyeitikia jina wala kutazama kile unachomwonyesha anahitaji kupimwa sasa, kwa kuwa miaka inayopotea ndiyo ambayo ubongo wake hujifunza kwa wepesi zaidi.

Sababu ya tatu ni aibu, nayo ina mizizi katika historia yetu. Kule Mbaga, wageni wanaopelekwa kwenye jiwe la Malameni husimuliwa kuwa hadi miaka ya 1930 watoto waliohesabiwa kuwa na mkosi, wakiwemo waliotangulia kuota meno ya juu, walitolewa kafara mahali hapo. Watoto wale hawakuwa na kasoro yoyote. Kilichowaua ni hukumu ya watu wazima juu ya tofauti ndogo ya mwili. Desturi ile ilikoma, na hakuna Mpare leo anayeitetea. Kumfungia mtoto mwenye usonji chumba cha nyuma wageni wanapokuja, au kumzungusha kwa waganga hadi mbuzi wa mwisho auzwe, nako kunaweza kukoma.

Sababu ya nne inatoka kwa watu wazima wenye usonji, hasa wa Ulaya na Marekani, wanaosema kuwa wao wana ubongo wa namna nyingine, na kwamba tofauti hiyo isiitwe kasoro. Nakubaliana nao kuhusu utu na vipaji vyao. Hata hivyo, kumtambua mtoto kisheria kuwa ana ulemavu hakupunguzi utu wake. Kunailazimisha jamii kuondoa vikwazo vinavyomzuia kuonyesha kipaji chake.

5. Hali ya huduma

Wilaya yetu ina sehemu mbili, tambarare na milima. Mzazi wa tambarare aliye kando ya barabara kuu anaweza kupanda basi hadi Hospitali ya Rufaa ya KCMC, Moshi, umbali wa takriban kilomita 100 kutoka Same mjini. Mzazi wa milimani huanza kwa pikipiki au kwa miguu, na mvua ikinyesha barabara hukatika. Huko Moshi kipo pia Kituo cha Gabriella kinachohudumia watoto wenye usonji na changamoto nyingine za ukuaji. Kwa jirani zetu wa Usambara, Shule ya Irente Rainbow huko Lushoto inafundisha watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Walimu wa elimu maalumu huandaliwa katika Chuo cha Patandi, Arusha.

Kwa hiyo ujuzi upo ukanda huu. Kinachokosekana ni njia ya kumfikisha mtoto wa Vudee au Bombo kwenye ujuzi huo kabla hajafika miaka saba.

6. Mapendekezo

(a) Kliniki ya mtoto ya miezi 18, anapoletwa kwa chanjo ya pili ya surua na rubela, iwe pia siku ya kumuuliza mama maswali matatu: anaitika jina? ananyoosha kidole kuonyesha? anaiga unachofanya? Majibu yakitia shaka, mtoto apewe rufaa.

(b) Mtoto asiyesema apimwe masikio kwanza, ili asidhaniwe kiziwi wakati ana usonji, au kinyume chake.

(c) Kamati za watu wenye ulemavu za vijiji na kata ziwaandikishe watoto wenye usonji kwa jina la hali yao, wasichanganywe wote chini ya "ulemavu wa akili" au "wengineo".

(d) Kila shule ifanye mabadiliko yasiyo na gharama: ratiba ya picha ukutani, kiti mbali na mlango, ruhusa ya kutoka kelele zikizidi, na kutomchapa mtoto kwa tabia inayotokana na hali yake.

(e) Wazazi waunde vikundi kata kwa kata na kwenda halmashauri pamoja. Wilaya hii inajua nguvu ya kufika bomani kwa umoja: mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika hapa Same kupinga kodi ya mbiru, na serikali ya kikoloni ililazimika kuwasikiliza.

7. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, sheria imekwisha kujibu swali tulilopewa. Kazi iliyobaki ni ya ofisi na nyumba zetu. Mtendaji wa kijiji anayeandika jina la mtoto kwenye daftari, muuguzi anayeuliza swali moja zaidi, na mwalimu anayeweka fimbo chini ndio watakaoifanya sheria hiyo ifike Vunta na Suji. Naomba kila mshiriki arudi na pendekezo moja atakaloanza nalo wiki ijayo, na tukikutana tena aeleze amefika wapi.