Kabla ya Kulazwa Mjini

Msikilizaji wa Nchiru, ukienda hospitali ya kibinafsi mjini Meru, usiulize bei ya kitanda pekee. Kitanda ni chambo. Itisha makadirio kwa maandishi: dawa, maabara, chumba cha upasuaji, na ada ya daktari, ambayo mara nyingi huja kivyake. Kisha uliza: SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipa ngapi hapa, nami niongeze ngapi? Asiye na mshahara hutakiwa kulipia SHA mwaka mzima, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, kwa hivyo usingoje kuugua. Na dharura je? Kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza kumnyima yeyote matibabu ya dharura. Karani akidai amana kwanza, mtajie hicho.