Kuiga Kadi ya Sauti ya DOS Ndani ya Linux: Kazi Inayohitaji Sikio

Mada kwa semina ya mafundi wa kompyuta na wahifadhi wa programu, Michenzani, Unguja

1. Utangulizi

Programu ya DOS isiyo na sauti haitupi tabu. Daftari la duka au orodha ya vitabu iliyotengenezwa mwaka 1990 hufunguka leo kwenye Linux bila ya mzozo. Tabu huanza programu inapotaka kupiga muziki: mara inanyamaza, mara inakwama, mara inapiga lakini sauti imeshuka. Hoja yangu ni moja. Anayeiga kadi ya sauti hana budi kuiga tabia yake yote, pamoja na kasoro zake. Akiiga mlio peke yake, programu itamkataa.

2. DOS ilivyozungumza na kadi

Mwaka 1987 kampuni ya AdLib ya Quebec, Kanada, ilitoa kadi yenye chipu ya Yamaha YM3812, yenye uwezo wa kupiga sauti 9 kwa pamoja. Mwaka 1989 Creative ya Singapore ikatoa Sound Blaster, ikiwa na chipu ile ile na uwezo wa ziada wa kucheza sauti zilizorekodiwa. Mwaka 1992 ikafuata Sound Blaster 16.

DOS haikuwa na dalali baina ya programu na kadi. Kila mwandishi wa programu aliandika namba moja kwa moja kwenye milango ya kadi: 388 kwa chipu ya Yamaha, na kwa kawaida 220 kwa Sound Blaster, zote kwa hesabu ya msingi wa 16. Programu ilihitaji kujua pia kadi inaita prosesa kwa laini gani, na inachota data kwenye kumbukumbu kwa njia gani. Ndiyo maana ya mstari tuliokuwa tukiukuta ndani ya AUTOEXEC.BAT: SET BLASTER=A220 I5 D1 T4. A ni mlango, I ni laini ya wito, D ni njia ya data, T ni aina ya kadi. Herufi moja ikikosewa, kompyuta ilikuwa bubu.

3. Linux inakataa, kiigizi kinaingia kati

Linux hairuhusu programu ya kawaida kugusa milango ya vifaa. Kerneli, kiini cha mfumo, ndiyo yenye funguo, na sauti zote hupita kwake kwa njia ya ALSA, mfumo wake wa sauti. Kwa hiyo lazima pawe na programu ya kati, yaani kiigizi, inayopokea kila namba inayoandikwa kwenye mlango 220 au 388, ikajibu kama kadi ingelijibu, kisha ikaikabidhi Linux sauti iliyopatikana.

Njia ni mbili. DOSEMU, iliyoanza mwaka 1992, iliiachia prosesa halisi iendeshe programu kwa hali maalumu iliyoletwa na chipu ya 80386. Hali hiyo haipatikani prosesa inapofanya kazi kwa biti 64, ndiyo maana mrithi wake, dosemu2, hutegemea KVM, uwezo wa Linux wa kuendesha kompyuta pepe, au huiga prosesa. DOSBox, iliyotoka mwaka 2002, inaiga kompyuta nzima tangu prosesa mpaka kadi, kwa hiyo hufanya kazi hata kwenye Raspberry Pi. Kwa anayeanza, ninapendekeza DOSBox au tawi lake, DOSBox Staging.

4. Saa ndiyo roho ya kadi

Tuangalie programu inavyoitafuta AdLib. Huwasha kihesabio kilicho ndani ya chipu, husubiri angalau mikrosekunde 80, kisha husoma mlango 388 kuona kama kihesabio kimetimia. Wengi hawakuwa na saa nzuri ya kusubiria, basi walisubiri kwa kuusoma mlango wenyewe mara kadhaa, kwa kuwa kila usomaji ulikula muda unaojulikana. Mwongozo wa AdLib ulielekeza kusoma mara 35 baada ya kuandika data. Kiigizi kikijibu papo hapo bila ya kuhesabu muda huo, programu itaamua kuwa hakuna kadi, na mtumiaji atailaumu spika.

Sound Blaster ya awali nayo ina lake. Programu haiiambii kasi ya sampuli kwa hertzi. Huiambia namba inayopatikana kwa kutoa kwenye 256 milioni moja iliyogawanywa kwa kasi. Anayetaka 22,050 hukadiria 211, na kadi hucheza 22,222. Kiigizi kinachojifanya hodari kikasahihisha kuwa 22,050 kitakuwa kimekosea, kwa sababu kadi ya kweli haikufanya hivyo.

5. Sikio la taarabu

Chipu ya Yamaha hutoa sampuli 49,716 kwa sekunde. Mifumo mingi ya sauti ya Linux hutumia 48,000. Kiigizi kikizipitisha sampuli hizo bila ya kuzigeuza vizuri, muziki wote unashuka kwa takriban senti 61, kwa hesabu ya senti 100 katika nusu toni. Hiyo ni zaidi ya robo toni. Mpiga kanuni wa taarabu, anayeinua na kushusha vikono vya chuma kandoni mwa nyuzi ili apate robo toni yake, ataisikia tofauti hiyo kabla ya fundi kufungua faili la mipangilio.

Chipu yenyewe inaimudu robo toni. Sauti ya hertzi 440 huandikwa kwa namba 580 katika oktava ya 4, na robo toni juu yake ni 597. Kwa hiyo programu inayopiga makamu ya Kiarabu yenye robo toni ni kipimo kizuri cha kiigizi kuliko mchezo wa risasi, ambao makelele yake huficha kosa.

Wapo wanaouliza: kwa nini tusirekodi tu sauti ya kompyuta nzima ingali hai? Rekodi ya taarabu inatueleza kundi lilipiga nini usiku ule, lakini haitupi kundi. Programu nayo hubadilisha muziki wake kila mtumiaji anapobonyeza kitufe, na hilo halirekodiki.

6. Mapendekezo

Kwanza, tuokoe disketi kabla ya kuhangaikia viigizi. Unyevu wa kisiwani hulea kuvu juu ya disketi. Tumia ddrescue, ambayo huchukua sehemu nzima kwanza na kurudi kwenye zilizoharibika baadaye. Nakala ya disketi ya MB 1.44 iwe na baiti 1,474,560; ikipungua, haijakamilika.

Pili, hifadhi mstari wa SET BLASTER pamoja na nakala, na uweke namba hizo hizo kwenye sehemu ya sblaster ya faili la DOSBox. Mpangilio wa kawaida wa DOSBox hutumia laini ya 7, ilhali programu nyingi ziliwekwa kwa 5.

Tatu, kila programu ya muziki ijaribiwe mbele ya mwanamuziki, si fundi peke yake.

Viigizi vipo, ni vya bure, na msimbo wake uko wazi. Kisichokuwapo ni nakala za disketi zilizomo makabatini mwetu. Kila mshiriki mwenye kabati la aina hiyo, nyumbani au skuli, alifungue na aanze kunakili.