Fundi wa Teddington na Mashua Iliyobebwa Mabegani



Katika siku hizi za jubilii twawakumbuka waliotutangulia. Leo nataka kuwaelezeni habari za fundi mmoja ambaye hakufika kwetu, lakini kazi ya mikono yake ilipita katika nchi hii juu ya mabega ya watu. Na katika habari zake mna neno la kutufaa.

Jina lake ni James Messenger, mtu wa Teddington, karibu na London, kando ya mto Thames. Kazi yake ilikuwa kuunda mashua, tena alikuwa hodari wa kushindana kwa makasia, kila mtu peke yake katika chombo chembamba. Mwaka 1854 alimshinda Thomas Cole, akawa bingwa wa Uingereza. Mwaka 1857 yeye naye alishindwa na Harry Kelley. Ubingwa ukamtoka, lakini ufundi haukumtoka. Basi akaendelea kuunda vyombo. Na mtu aliyevuta kasia mwenyewe hujua ubao upi ni mzito bure, na upi ukipunguzwa chombo kitavunjika.

Mwaka 1874 Bwana Henry Stanley alimwagiza mashua ya namna ngeni. Urefu wake futi 40, upana futi 6, mbao zake za mwerezi, unene wake hata nusu ya inchi haukufika. Nayo ilikatwa vipande vitano, ipate kubebwa nchi kavu, kisha ifungwe tena majini isiingie maji. Ikaitwa Lady Alice. Ilipofika Unguja, vipande vikaonekana ni vizito mno kwa njia zetu, na fundi mwingine aliyekuwako huko akavigawanya upya. Messenger aliijua mizani ya maji. Mizani ya bega la mpagazi hakuijua.

Tarehe 17 Novemba 1874 msafara ukatoka Bagamoyo. Ukapita kaskazini ya Kilosa, katika nchi ya Wakaguru, na tarehe 12 Desemba ukawasili Mpwapwa. Wachukuzi wa mashua walikuwa mahamali wa Unguja, watu wenye nguvu nyingi. Kila kipande kilikuwa na watu wanne, wawili wakibeba na wawili wakipumzika. Mshahara wao ulipita ule wa wanyapara, isipokuwa mkubwa wao Manwa Sera. Posho walipewa maradufu, na ruhusa ya kufuatana na wake zao. Hii yaonyesha jinsi mzigo ule ulivyokuwa mgumu.

Baada ya siku 103 wakaufikia ukingo wa Ziwa Victoria. Vipande vikaungwa, na mashua ikaelea. Mwezi Machi 1875 ikaanza kulizunguka ziwa lote. Mwaka 1876 ikalizunguka Ziwa Tanganyika. Kisha ikashuka mto Kongo, hata mwisho wa Julai 1877 ikaachwa juu ya maporomoko ya Isangila. Msukani wake alikuwa Uledi, ambaye mara nyingi alijitupa majini kuwaokoa wenzake.

Ndugu zangu, tusifiche upande wa pili. Mwaka 1875 Stanley aliwapiga risasi watu wa kisiwa cha Bumbire ili kulipiza kisasi, na katika msafara wake wengi hawakurudi makwao. Lakini mwaka ule ule, mashua hiyo ilimfikisha kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, na kutoka huko akaandika barua ya kuomba walimu. Kwa barua hiyo wamisionari wa CMS walikuja mwaka 1876, wakashika njia ya Mpwapwa. Chombo kimoja kilichukua mema na mabaya, kwa kadiri ya mioyo ya waliokuwamo. Fundi aweza kuunda ubao. Nia ya msafiri hawezi kuiunda.

Basi walimu, mkiwafundisha watoto habari hizi, msiwatajie Stanley peke yake. Watajieni fundi wa Teddington aliyepima mbao, fundi aliyezigawanya huko Unguja, mahamali waliozibeba, na Uledi aliyeshika usukani. Kama kiungo kimoja kingalilegea, wote wangalizama. Hata huku kwetu, achongaye mtumbwi wa kuvulia samaki ameshika maisha ya mvuvi asiyemjua, na atengenezaye dawati la shule amemshika mkono mtoto atakayezaliwa kesho.

Jubilii yetu na iwe hivyo: tuwashukuru waliobeba vipande vyao mpaka hapa, nasi tukiangalie vema kipande tulichopewa, tusije tukawapa wajao chombo kinachovuja.