Mbunge ni wa Nani?



Mwanasiasa akija kusema, «Mimi ni wa kabila lenu tu», mkumbusheni Katiba ya 2006. Kifungu cha 101 chasema mbunge wa taifa anawakilisha taifa zima. Kifungu cha 138 champa njia ya kuuliza serikali maswali na kuomba tume ya uchunguzi.

Vikao vya kawaida vya Bunge hufungwa tarehe 15 Juni na 15 Desemba. Akirudi likizo, msimpigie makofi kwa ajili ya chumvi na sabuni. Chifu amwulize mbele ya wote: «Juu ya usalama wa vijiji vyetu, ulimwuliza waziri gani? Alijibu nini?»

Mwenye jibu ametumika. Asiye nalo amekula mshahara wa bure.