Nani Analipia Huruma Yetu? Udahili na Fedha katika Chuo Kikuu Kidogo cha Kanisa



Najua wapo waliotarajia mada iliyo karibu zaidi na mbingu. Lakini mshahara wa Oktoba nao ni jambo la kiroho kwa yule ambaye haujamfikia.

Kanisa halikuanza kufundisha jana hapa Tanzania. Makumira ilikuwa chuo cha theolojia cha Walutheri tangu miaka ya 1950, na chuo cha Nyegezi, Mwanza, kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) mwaka 1998, kilianzishwa na Wakatoliki mwaka 1960. Kilichokuja baadaye ni kuitegemea ada. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipoanza kazi mwaka 2005, na wanafunzi wa vyuo binafsi wakakopeshwa, hata dayosisi za mbali zikaona zinaweza kuwa na chuo kikuu. Majengo yakapanda, vyuo vishiriki vikazaliwa. Mwaka 2007 Serikali ikafungua Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichopangiwa kufikisha wanafunzi 40,000, na mwaka huohuo Waanglikana wakaanzisha Chuo Kikuu cha St. John's katika mji uleule. Kijana anayegombewa ni mmoja.

Kisha ukaja mwaka 2017. Mwezi Julai Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na katika msimu huo waombaji wakaanza kuomba chuoni moja kwa moja badala ya kupangwa kupitia mfumo wa pamoja. Siku hizi kijana anaweza kuchaguliwa na vyuo vitatu, akathibitisha kimoja kwa simu yake akiwa kijijini, na sisi wawili tuliobaki tukaendelea kumhesabu.

Hapo ndipo makisio yetu yanapoharibika. Kupanga bajeti kwa idadi ya waombaji ni sawa na kukadiria sadaka kwa kuhesabu magari nje ya kanisa. Aliyeomba si aliyechaguliwa; aliyechaguliwa si aliyethibitisha; aliyethibitisha huenda asiripoti; na aliyeripoti anaweza kukaa hadi Januari akisubiri mkopo ambao hakupangiwa. Mhasibu analijua hilo. Anayekataa kulisikia mara nyingi ni Baraza la Chuo, kwa sababu idadi kubwa inapendeza kwenye taarifa ya sinodi.

Nguvu zetu zote tunazimalizia kwenye dirisha la udahili: mabango, redio, ziara za shuleni. Wa mwaka wa pili hatumuulizi habari. Tuchukue mfano wa kubuni: wanafunzi 40 wa shahada ya miaka mitatu wanaacha masomo baada ya mwaka wa kwanza, na ada ni shilingi 1,500,000 kwa mwaka. Chuo kimepoteza shilingi 120,000,000 za miaka miwili iliyobaki. Wengi wanaotuacha kweli hawakushindwa masomo. Walikosa nusu ya ada, wakanyimwa kibali cha mtihani, wakaona aibu kurudi. Mtu wa kuwapigia simu mwezi wa Desemba, mwenye mamlaka ya kupanga nao malipo ya awamu, angetugharimu kidogo kuliko mabango.

Sasa nifike kwenye jambo linalotuuma sisi Wakristo. Mchungaji anakuja na binti yatima: "Msaidieni, tutaona mbele ya safari." Tunamsaidia, na tunafanya vema. Lakini msamaha wa ada usio na fungu lake kwenye bajeti haujalipwa na Mungu wala na askofu. Umelipwa na mhadhiri anayepokea mshahara wa Agosti mwezi wa Novemba, na mpishi ambaye michango yake ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, imekatwa kwenye karatasi bila kupelekwa. Tumewatoza sadaka bila kuwauliza. Mimi siiti hiyo huruma. Naiita deni lililofichwa, tena limewekwa mgongoni mwa wasio na sauti.

Theolojia nayo ina wanafunzi wachache, na itabaki hivyo. Nitapinga yeyote atakayetaka kuifunga kwa hoja ya hasara, maana ndiyo sababu ya chuo hiki kuitwa cha kanisa. Ila si haki mwanafunzi wa ualimu, anayesoma kwa mkopo atakaoulipa yeye mwenyewe, ndiye agharamie mafunzo ya wachungaji wa sharika zetu.

Wala tusiegemee fedha za Serikali kana kwamba ni urithi. Kenya ilianza mwaka 2016 kupeleka wanafunzi wake wa ruzuku katika vyuo binafsi. Muundo mpya wa mwaka 2023 ukawaondolea ruzuku hiyo waliojiunga na vyuo hivyo kuanzia hapo, na vyuo vikabaki vinadai malimbikizo.

Wajumbe wa Baraza, naomba mambo mawili. Bajeti mtakayoipitisha isimame juu ya waliosajiliwa na kulipa mwaka uliopita, na irekebishwe usajili ukifungwa. Ajira mpya zisubiri hadi hapo. Na nyinyi baba askofu na wakuu wa majimbo, kabla ya kutuletea mwanafunzi mwingine wa kusamehewa, pitisheni katika bajeti ya dayosisi fungu la ufadhili na fungu la theolojia, kwa shilingi zinazotajwa na tarehe ya kulipwa.