MAZUNGUMZO YA KATIBU KWA WANACHAMA: FENI YA KOMPYUTA YETU



Leo tunazungumza juu ya kompyuta ya ofisi. Wengine watasema hayo ni mambo ya karani. Sivyo. Mashine ile imenunuliwa kwa fedha za pamba yetu, na ndani yake yamo mahesabu ya kila mtu: kilo alizopima, pembejeo alizokopa, fedha anazodai. Ikizimika siku ya malipo, anayerudi nyumbani mikono mitupu ni mkulima.

Msimu huu ilikuwa ikizimika yenyewe. Inafanya kazi nusu saa, halafu kimya. Maneno yakaanza: eti karani anaizima makusudi ili mahesabu yapotee. Kamati ikaamua kwamba kabla ya kumlaumu mtu, tuifungue tuone.

Ndani ya kompyuta kuna kipande kidogo kiitwacho prosesa, ndicho kinachopiga mahesabu. Kikifanya kazi kinapata moto sana. Juu yake kuna bati nene lenye mapezi la kuvuta joto, na juu ya bati kuna feni. Feni ikisimama joto linapanda, na mashine inajizima yenyewe isiungue. Ni kama mashine ya kusaga: rejeta ikikauka, usipozima injini inanoki.

Basi tulifanya hivi:

1. Tulizima, tukachomoa waya wa umeme, tukabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe.
2. Tuligusa chuma cha kasha kwanza, maana umeme mdogo wa mwilini waweza kuharibu vipande vya ndani.
3. Tulifungua ubavu. Loo, vumbi la pamba limejaa kama kiota! Tukalitoa kwa brashi laini, feni tumeizuia kwa kidole.
4. Tuliizungusha feni kwa mkono. Nzima huzunguka kwa wepesi. Hii ilikwaruza ikasimama papo hapo.
5. Tuliwasha bila kugusa kitu: haikuzunguka. Tukazima, tukachomoa tena umeme, tukachomeka mahali pake feni ya nyuma ya kasha. Ikazunguka. Kumbe umeme unafika, feni ndiyo imekufa.

Tuliipeleka ya zamani mjini tupate inayolingana: upana milimita 80, volti 12, pini 4. Tukaifunga kwa skrubu zake 4, upepo ukielekea kwenye bati. Bati hatukuling'oa. Ukiling'oa, lazima ufute dawa ya zamani iliyo kati yake na prosesa, upake mpya kidogo tu, kama punje ya choroko.

Angalizo: lile sanduku la ndani linaloingiza umeme lisifunguliwe kabisa. Hutunza umeme hata baada ya kuchomoa waya. Hilo ni la fundi.

Sasa mashine haizimiki, na mahesabu yote yapo. Karani hana kosa. Waliomsema wamwendee.

Maagizo ni haya: kompyuta ikae mezani, mbali na magunia ya pamba, matundu yake ya hewa yasizibwe, vumbi litolewe kila miezi 3, na ikianza kukoroma, taarifa itolewe siku hiyo hiyo. Mwaka 1973 wazee wetu walifundishwa kwamba Mtu ni Afya. Mashine nayo ina afya yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ushirika oyee!

Katibu