ADABU YA DARASA NA ADABU YA CHAMA

(Hotuba kwa wanachama wa reli watokao Kitui na Makueni)



Leo hatusemi juu ya mshahara. Twataka kusema juu ya watoto wetu tuliowaacha nyumbani, nasi tuko kazini Emali, Kibwezi, Mtito Andei au Mombasa. Fedha za shule twapeleka. Lakini mwalimu ana haja ya kitu kingine kisichouzwa dukani.

Mwalimu ataka mtoto ajue mambo matano. Asikilize mpaka maneno yaishe. Angoje zamu yake. Azuie hasira akichokozwa. Afanye kazi na wenzake bila ugomvi. Na la tano, asipofahamu, ainue mkono aulize.

Manne ya kwanza hata nyumbani yafundishwa. Mtoto aliyefuatana na mama yake kwenye mwethya kuchimba matuta amekwisha ona jinsi watu wengi wanavyofanya kazi moja bila kugombania jembe.

Shida yetu ni hilo la tano. Sisi tuliosoma shule za misheni tulijifunza kunyamaza. Tuliogopa kiboko, tukaitikia "Ndiyo, mwalimu," na hali hatukufahamu hata kidogo. Hesabu nyingi zilitupita hivyo. Wala si hapa petu tu. Huko Marekani wataalamu waliwauliza waalimu ni tabia gani zitakiwazo sana darasani. Wengi walitanguliza kujizuia na kushirikiana. Kusema haja yako walikuweka nyuma.

Lakini reli imetufundisha vingine. Mtu wa reli akipewa amri asiyoifahamu, akaitikia tu kwa woga, watu waweza kufa. Ndiyo sababu maneno ya ruhusa ya njia hurudiwa kabla gari halijaondoka. Kuuliza si ukaidi, ni usalama.

Tena uchungu usiosemwa hutafuta njia nyingine. Machi 2001, huko Kyanguli, kwa jirani zetu wa Machakos, bweni la shule lilitiwa moto usiku, na wavulana 67 wakafa. Manung'uniko yalikuwako kabla ya usiku ule. Sisi tukiwa na malalamiko hatuchomi stesheni. Twamtuma mjumbe, aketi mezani na wakubwa, aseme kwa adabu wala asiogope. Watoto wetu nao wafundishwe hivyo hivyo.

Sheria iko upande wetu. Kiboko kilikatazwa shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakaza.

Basi, ndugu, twaomba mambo matatu. Ukipiga simu nyumbani jioni, usimwulize mtoto kama ameadhibiwa, mwulize, "Leo ulimwuliza mwalimu swali gani?" Pili, ukipata likizo, nenda kwenye mkutano wa wazazi, umwombe mwalimu kwa heshima ayapokee maswali ya watoto. Tatu, mtoto akikuuliza neno nawe umechoka, usimwambie anyamaze. Akinyamazishwa nyumbani, atanyamaza darasani, na kesho atanyamaza hata mbele ya tajiri anayemdhulumu.

Kuuliza si ujinga.